Somo la Mawasiliano: Namna ya Kuchagua Ruta ya Nyumbani Inayotegemewa



Huduma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mwananchi kufunga safari hadi makao makuu ya wilaya, sasa huanzia nyumbani. Kumbukumbu namba ya malipo hupatikana kwa mtandao. Matokeo ya Baraza la Mitihani husomwa kwa mtandao. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu na ya cheti cha kuzaliwa hujazwa kwa mtandao. Kwa sababu hiyo, kaya nyingi zimeacha kutegemea simu moja ya baba au mama, zikaanza kununua kifaa cha kugawa intaneti kwa nyumba nzima.

Tuchukue mfano wa kaya iliyojinyima kwa miezi kadhaa, ikanunua ruta iliyokwisha kutumika kwa bei ya kuvutia. Kifaa kinawaka na taa zake zote zinang'aa, lakini laini ya simu inayowekwa ndani yake inakataliwa, kwa kuwa kifaa hicho kilifungwa kitumie mtandao wa kampuni moja tu. Muuzaji hakutoa risiti. Fedha imekwenda, na dirisha la maombi ya mkopo wa kijana linafungwa baada ya siku tatu. Somo hili limeandaliwa ili hasara ya namna hiyo isimfike msomaji wetu.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: ruta nzuri si ile yenye antena nyingi wala tarakimu kubwa juu ya boksi. Ruta nzuri ni ile inayolingana na njia ya intaneti inayofika nyumbani kwako, inayostahimili umeme wako, na ambayo mtengenezaji wake bado anaitunza.

1. Modemu na ruta

Watu wengi huyatumia majina haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja. Modemu hupokea mawasiliano kutoka kwa mtoa huduma na kuyageuza yaweze kutumiwa na vifaa vya nyumbani. Ruta huyagawa mawasiliano hayo kwa simu, kompyuta na televisheni, kwa waya au kwa Wi-Fi. Vifaa vingi vya siku hizi hubeba kazi zote mbili katika boksi moja, lakini si vyote. Anayenunua ruta tupu akidhani ina modemu ndani atarudi nyumbani na kifaa kizima kisichoweza kumletea intaneti.

2. Itambue njia inayofika kwako

Kabla ya kwenda dukani, uliza intaneti itafika nyumbani kwako kwa njia gani.

Ikiwa ni mkongo, yaani faiba, kwa kawaida mtoa huduma hufunga kifaa chake cha kupokelea mkongo na kukisajili katika mitambo yake. Kifaa kama hicho usikinunue mwenyewe kabla ya kuulizana naye. Unachoweza kuongeza ni ruta ya kugawa mawasiliano ndani ya nyumba.

Ikiwa ni waya wa shaba wa simu ya mezani, unahitaji modemu ya aina ya ADSL au VDSL, kadiri mtoa huduma atakavyokueleza.

Ikiwa ni laini ya simu ya 4G, mambo mawili ni ya lazima. La kwanza, kifaa kiwe hakijafungwa kwa kampuni moja, au kiwe kimefungwa kwa kampuni ileile unayokusudia kuitumia. La pili, kiwe na masafa yanayotumiwa na kampuni hiyo katika eneo lako. Ruta iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine inaweza kukosa masafa hayo, na hapo hata mnara ukiwa jirani haitaupata. Nenda dukani na laini yako, uiweke katika ruta mbele ya muuzaji, na ufungue ukurasa wowote wa mtandao kabla ya kulipa.

3. Tarakimu za kwenye boksi

Boksi likiandikwa AC1200, mnunuzi hudhani atapata kasi ya megabiti 1,200 kwa sekunde. Kwa kweli tarakimu hiyo ni jumla ya kasi mbili za juu kabisa, takriban megabiti 300 katika masafa ya gigahezi 2.4 na 867 katika masafa ya gigahezi 5, kisha ikakadiriwa kwenda juu. Simu yako haitumii masafa yote mawili kwa pamoja, na kuta za nyumba hupunguza kila kasi.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba ruta haizalishi intaneti. Kifurushi chako kikiwa cha megabiti 10 kwa sekunde, hakuna ruta duniani itakayokupa 11. Kwa ruta za 4G, maandishi "Cat 4" yana maana kwamba kikomo chake cha kupokea ni megabiti 150 kwa sekunde, na "Cat 6" ni megabiti 300. Kwa kaya nyingi, Cat 4 yatosha.

Angalia pia kizazi cha Wi-Fi. Wi-Fi 4 ni ya mwaka 2009, Wi-Fi 5 ni ya mwaka 2013, na Wi-Fi 6 ilianza kuthibitishwa mwaka 2019. Kwa nyumba yenye vifaa vichache na kifurushi kisichozidi megabiti 100, Wi-Fi 5 inatosha. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, au vifaa vikiwa vingi, chagua Wi-Fi 6.

4. Kuta, mabati na mahali pa kuiweka

Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini hubanana majirani wanapokuwa wengi. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, ila huchoka mapema yakikutana na ukuta. Ruta yenye masafa yote mawili hukupa nafasi ya kuchagua.

Zege lenye nondo, paa la bati, kioo kikubwa na tangi la maji hudhoofisha mawimbi. Ruta ya 4G iwekwe juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara. Isifichwe ndani ya kabati wala nyuma ya televisheni. Nyumba ikiwa bondeni, tafuta ruta yenye matundu ya kuunganisha antena ya nje. Chumba kikiwa mbali, waya wa mtandao ni wa kutegemewa kuliko antena ya tatu na ya nne, nao huweza kufika mita 100.

5. Umeme

Umeme wetu ni wa volti 230. Soma maandishi ya adapta kabla ya kuichomeka. Ikiandikwa "100–240V" ni salama. Ikiandikwa volti 110 au 120 pekee, itaungua.

Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huharibu vifaa vingi. Soketi yenye kinga husaidia, lakini wakati wa radi ni heri kuchomoa kabisa waya wa umeme na waya wa simu. Betri ndogo ya ruta huiwezesha kuendelea kufanya kazi umeme ukikatika. Hakikisha volti zake zinalingana na za ruta, na kwamba uwezo wake wa ampea haupungui ule unaotakiwa. Wenye mkongo wakumbuke kwamba vifaa vyote viwili, cha kupokelea na cha kugawia, vinahitaji betri.

Kuhusu gharama, ruta ya volti 12 na ampea 1 haitumii zaidi ya wati 12. Ikiwashwa usiku na mchana kwa siku 30, itatumia uniti 9 hivi, au pungufu.

6. Uhalali na usalama

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ndiyo inayoidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano vinavyouzwa nchini. Wengi wetu tunakumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa na waliozinunua kwa bei rahisi wakabaki na vipande vya plastiki. Ruta ya 4G nayo ina namba tambulishi ya IMEI kwenye kibandiko chake. Namba hiyo ikiwa imekwanguliwa, kiache kifaa hicho dukani.

Mwaka huohuo wa 2016, programu hatari iliyoitwa Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na ruta za majumbani duniani. Ilifanya hivyo kwa njia nyepesi: ilijaribu nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Basi, siku ya kwanza, badilisha nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta na nywila ya Wi-Fi. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ruta yenye WEP pekee isinunuliwe hata kwa bei ya bure. Mtengenezaji aliyeacha kutoa masasisho ya programu ameacha pia kuziba mianya ya wezi, hata kama kifaa kinaonekana kipya.

7. Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kata ukurasa huu uende nao dukani.

(a) Je, kifaa hiki kina modemu ndani, na ni ya njia gani?
(b) Je, kimefungwa kwa kampuni moja?
(c) Je, laini yangu inafanya kazi ndani yake hapa hapa?
(d) Je, aina hii imeidhinishwa, na IMEI inasomeka?
(e) Je, adapta ni ya volti 230 na ni ya kifaa hiki?
(f) Je, kina WPA2 au WPA3, na masasisho bado yanatolewa?
(g) Je, dhamana ni ya muda gani, na nitapewa risiti ya EFD?

Muuzaji akikwepa maswali mawili, nenda duka la pili. Kuuliza si ujinga, na risiti ndiyo shahidi wako endapo utahitaji kulalamika.

Zoezi

Kwa walio na ruta tayari: geuza kifaa chako leo, usome kibandiko cha chini. Andika volti, ampea na aina ya kifaa. Kisha jiulize kama nywila iliyoandikwa hapo ndiyo unayoitumia mpaka sasa. Ikiwa ndiyo, ibadilishe kabla ya kulala, kwa maana kila mgeni aliyewahi kuigeuza ruta hiyo anaijua.