KUMGEUZA MGONJWA KUUMENI NA KUSHOTONI
Darasa ya kuwahifadhi wagonjwa wa kitandani na vidonda vya kulalia

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu Waislamu, darasa hii nimeiandika kwa sababu ya deni. Mmoja katika walimu wangu, aliyenifundisha Kurani na fikihi katika kijiji kimoja cha pwani baina ya Tanga na Pangani, alishikwa na maradhi ya kupooza. Ukafa upande wake wa kulia wote, na ulimi ukafungika asiweze kusema neno. Sisi wanafunzi wake tulikusanyika, tukamlaza ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla, tukaona hiyo ndiyo heshima ya mwanachuoni. Tukagawana zamu za kumsomea, usiku na mchana, wala hakupita saa moja pasipo msomaji ubavuni pake.

Siku ya kumi na tisa alikuja muuguzi mmoja, akainua shuka, akatuita tutazame. Nyonga ya kulia ilikuwa na shimo jeusi lenye harufu, na kifundo cha mguu wa kulia vivyo hivyo. Akatuuliza, "Mara ya mwisho mlimgeuza lini?" Hakuna aliyejibu. Na Ijumaa mbili tulikuwa tumemsomea Suratul Kahf, na ndani yake imo khabari ya vijana wa Pangoni ambao Mwenyezi Mungu aliwageuza kuumeni na kushotoni. Tuliisoma aya hiyo mbele ya mtu tusiyemgeuza. Mwalimu aliishi miezi mitatu, na kilichommaliza nguvu si kupooza, bali ni kidonda kile na homa yake. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atusamehe sisi.

FASILI YA KWANZA: Katika sababu ya vidonda hivi

Jua, ewe ndugu, ya kwamba nyama ya mwili huishi kwa damu, na damu huifikia kwa mishipa midogo mno mfano wa nyuzi. Funga uzi kidoleni mwako kwa nguvu, utaona ncha ya kidole yabadilika rangi na kufa ganzi. Ukiuacha uzi huo muda mrefu, kidole kitakufa. Hali ya mgonjwa asiyegeuzwa ni hiyo hiyo. Nyama yake imebanwa baina ya vitu viwili, mfupa wake juu na kitanda chini. Mishipa hufungika, damu haipiti, na nyama huanza kufa. Huweza kuanza kwa muda wa saa chache tu, na aghlabu huanza ndani karibu na mfupa, ngozi ya juu ikingali nzima. Ndiyo maana kidonda kinachoonekana kidogo kwa nje huwa kikubwa kwa ndani.

Mtu mzima hapatwi na haya, kwa sababu Mwenyezi Mungu amemuumbia maumivu yamwamshe, akajigeuza usingizini mara nyingi naye hajui. Walakini aliyepooza, na aliyeanguka mnaziakavunjika uti wa mgongo, na aliyezimia, na mzee aliyeishiwa nguvu, hao ama hawahisi maumivu, ama wahisi na hawawezi kujigeuza, ama hawawezi kusema. Basi mikono ya jamaa zake ndiyo iliyowekwa mahali pa maumivu yake.

Na mahali pa kuogopewa ni pale mfupa ulipo karibu na ngozi: chini ya kiuno juu ya makalio, visigino, nyonga mbili, vifundo vya miguu, baina ya magoti, viwiko, nyuma ya mabega, kisogo na masikio.

FASILI YA PILI: Katika kumjibu asemaye kuwa ni kudura tu

Wako watu wasemao, "Mgonjwa wa muda mrefu hana budi kuoza, ndivyo alivyoandikiwa." Wengine husema ni kijicho au uchawi, na kwa aibu wakakificha kidonda hata kikafika mfupani. Neno hili si la wajinga wa kwetu peke yao. Katika karne ya 19, tabibu mashuhuri wa Ufaransa, Jean-Martin Charcot, alidhani kuwa vidonda vya waliopooza vyatoka katika mishipa ya fahamu iliyoharibika, wala havizuiliki. Karne hiyo hiyo tabibu mwingine, Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa mwaka 1817 katika kisiwa cha Morisi katika bahari yetu hii ya Hindi, alionyesha kwa majaribio ya wanyama kuwa aliyepooza akiondolewa mgandamizo na akawekwa safi, hapati kidonda. Wengi hawakumsikiliza.

Hata mwaka 1944, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, tabibu Ludwig Guttmann, aliyekuwa ameikimbia Ujerumani, akakabidhiwa huko Stoke Mandeville, Uingereza, askari waliovunjika uti wa mgongo. Kabla yake watu wa namna hiyo walikuwa wakitarajiwa kufa upesi, kwa vidonda na kwa maradhi ya mkojo. Yeye aliamrisha wageuzwe killa saa mbili, mchana na usiku, na usiku hupita mwenyewe kutazama kama amri imefuatwa. Wakaishi, na wengi wakarudi makwao na kazini. Lau kidonda kingalikuwa hakizuiliki, kisingalizuilika kwa mikono ya wauguzi.

Na sisi tunayo hoja iliyo kubwa kuliko hiyo. Katika aya ya 18 ya Suratul Kahf Mwenyezi Mungu ametuambia aliwageuza watu wale wakiwa wamelala. Na wafasiri wamepokea kwa Ibn Abbas maana yake ya kuwa lau wasingaligeuzwa, ardhi ingaliila miili yao. Mwenyezi Mungu ni muweza wa kuwahifadhi pasipo kugeuzwa, walakini ametutajia sababu ili tuishike. Na Mtume (rehema na amani zimshukie) ameamrisha kutafuta dawa. Basi mwenye kuacha sababu kisha akasema "ni kudura" ameisingizia kudura uvivu wake.

FASILI YA TATU: Katika namna ya kumhifadhi mgonjwa

Kwanza, mgeuze killa baada ya saa mbili takriban, mchana na usiku, ila akiagiza tabibu vingine. Upande wa kuume, kisha chali, kisha upande wa kushoto, na kuanza tena. Usimsimamishe juu ya nyonga moja kwa moja, bali mwegemeze kidogo tu, kama theluthi ya pembe mraba, na mto nyuma ya mgongo wake umzuie.

Usidhani kumgeuza wakati wa sala tano kwatosha. Toka alfajiri hata adhuhuri ni saa saba na zaidi, na toka isha hata alfajiri ni saa tisa. Fanyeni zamu kumi na mbili kwa mchana na usiku, mwandike kwenye karatasi itundikwe ukutani, na killa aliyegeuza atie alama na upande aliomlaza. Wanafunzi wa chuo wakubwa na majirani waingie katika zamu, ili mke au binti mmoja asibebeshwe peke yake hata akaugua yeye pia.

Pili, usimburure. Kuburura kwakwaruza ngozi na kuzipasua nyama za ndani. Tandika kanga mbili au shuka chini yake toka mabegani hata mapajani, watu wawili washike pembe, wamwinue, kisha wamweke. Wala usimkalishe kitandani akiwa ameegemea wima muda mrefu, kwani huteremka kidogo kidogo na ngozi ya kiunoni huvutika. Mwenye kukaa kitini naye, killa robo saa au nusu saa asaidiwe kuinuka kidogo au kuegemea upande.

Tatu, weka mto mwembamba baina ya magoti, na mwingine chini ya miundi, ili visigino vielee visiguse kitanda. Usimtengenezee kata ya nguo wala pete ya mpira akalia, kwani pete hukaza ukingoni na kuzuia damu ya katikati. Godoro la sufi lipigwe na kuanikwa juani ili mabonge yavunjike, na kitanda cha kamba kikazwe, kisha kitandikwe godoro nene. Ujaribu kwa mkono: utie kiganja chini ya godoro, mahali pa nyonga yake, na ukihisi mfupa, godoro hilo halitoshi. Shuka iwe imenyooka, pasiwe na mkunjo wala chembe ya chakula.

Nne, killa umgeuzapo, tazama ngozi kwa mwanga mzuri. Vitabu vingi husema utazame wekundu, lakini ngozi yetu nyeusi huenda isionyeshe wekundu. Tazama palipozidi weusi au kuwa na zambarau kuliko pembeni, kisha gusa: pana moto au baridi kuliko pengine? Pamekuwa pagumu au laini kama embe bovu? Ukiona hayo, basi huo ndio mwanzo. Usimlaze tena upande huo hata alama iondoke, wala usipasugue wala kupakanda, kwani nyama iliyoumia huzidi kuumia.

Tano, ngozi iwe safi na kavu. Akichafuka kwa mkojo au choo, aoshwe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, akaushwe kwa kugusagusa pasipo kusugua, kisha apakwe mafuta mazito yazuiayo maji. Twahara na tiba hapa ni kitu kimoja.

Sita, alishwe. Ngozi haijengwi kwa uji mweupe peke yake. Apewe samaki, mayai, maziwa, kunde na maharagwe kwa kadiri ya uwezo, na matunda na maji, illa aliyekatazwa na tabibu. Na aliyepooza akipaliwa anapomeza, asilazimishwe, bali tabibu aulizwe.

Saba, kidonda kikishafunguka, msitie majivu, wala kinyesi cha ng'ombe, wala unga wa dawa isiyojulikana. Kiosheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Bombo. Kikiwa na weusi, au usaha, au harufu, au mgonjwa ana homa, msingoje kesho. Na asemaye kuwa asali ina shifaa amesema kweli. Walakini asali haimgeuzi mgonjwa.

FASILI YA NNE: Mas'ala

Mas'ala ya kwanza. Je, yafaa kumgeuza mgonjwa akaacha kuelekea kibla?

Jawabu: Yafaa, bali yapasa ikiwa kumwacha ni kumdhuru. Kuelekea kibla ni sharti ya sala, si sharti ya kulala. Suna ya kumwelekeza kibla kwa ubavu wa kulia ni ya mtu aliyefikiwa na mauti, wala si ya mgonjwa wa miezi na miaka. Na hapa kwetu Tanga kibla ni kaskazini, basi mgonjwa aliyewekwa kichwa mashariki akilala ubavu wa kulia ameelekea kibla, na akilala wa kushoto ameelekea kusini. Wala hana dhambi yeye, wala aliyemgeuza. Hapa ndipo tulipokosea sisi.

Mas'ala ya pili. Atasalije?

Jawabu: Asiyeweza kusimama asali ameketi, na asiyeweza kuketi asali kwa ubavu, wa kulia ukiwa bora, na hayo yamethibiti katika hadithi ya Imran bin Husayn. Asipoweza, asali chali, nyayo zake zielekee kibla na kichwa kiinuliwe kwa mto. Ikiwa ubavu wa kulia una kidonda, asali kwa wa kushoto, na kitanda kigeuzwe ili uso upate kibla. Akiisha kusali, arudishwe kwenye zamu yake.

Mas'ala ya tatu. Kidonda kikifungwa, atatawadhaje?

Jawabu: Kidonda cha kiunoni au nyonga si mahali pa udhu, basi hakimzuilii udhu. Kikiwa kisiginoni na kimefungwa, na kukifungua kwadhuru, aoshe palipo pazima, apake maji juu ya kitambaa, na atayamamu. Hiyo ndiyo kauli ya madhehebu yetu ya Imamu Shafi.

Mas'ala ya nne. Ni nani atakayeona uchi wake?

Jawabu: Mke kwa mumewe na mume kwa mkewe ndio wa mbele. Kisha mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke. Wasipopatikana, maharimu na muuguzi waruhusiwa kwa kadiri ya dharura, wala haifai kumwacha mtu akaoza kwa kuona haya.

KHATIMA

Ndugu zangu, tunapozuru wagonjwa tumezoea kuketi kizingitini, kuuliza hali, kusoma Fatiha na kwenda zetu. Hayo ni mema, wala sisemi muyaache. Lakini toka leo mwingiapo kwa mgonjwa asiyeweza kujigeuza, muulizeni mwenye zamu, "Amegeuzwa saa ngapi?" Ikiwa saa mbili zimepita, vueni kanzu, mshike pembe za shuka, mmgeuze, kisha ndipo msome.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, uwape nguvu wanaowauguza, na utujaalie nasi siku ya udhaifu wetu tupate mikono ya kutugeuza. Amin.

Wallahu aalam.