Macho Mekundu Msimu wa Mpunga



BIBI: Mwanangu, mtoto ana nini?

MJUKUU: Macho, bibi. Ameamka kope zimegandana kwa tongotongo. Jirani kaniambia nimkamulie maziwa yangu machoni.

BIBI: Usithubutu! Januari 2024, macho mekundu yalipozuka Dar es Salaam, watu walitia maziwa ya mama, chai, hata mkojo, mpaka Wizara ya Afya ikawakataza. Ugonjwa ule ulikuwa wa virusi, na wa aina hiyo mwili huumaliza wenyewe kwa wiki moja au mbili. Anacheza?

MJUKUU: Anacheza, ananyonya.

BIBI: Basi chemsha maji, yaache yapoe. Chovya kitambaa safi, futa kutoka puani kwenda nje mara moja, kisha geuza upande. Jicho la pili lina kitambaa chake. Ukimaliza, nawa kwa sabuni. Na hilo pindo la kanga unalomfutia yeye kisha dada yake, ndilo linalosambaza. Uso wa mtoto unawishwe kila siku hata akiwa mzima. Kule Kongwa, utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa watoto wenye nyuso safi hawapatwi sana na vikope vikali.

MJUKUU: Zahanati nisiende?

BIBI: Tongotongo la njano likizidi, nenda upewe dawa ya kupaka. Angekuwa kichanga wa chini ya mwezi mmoja, nisingekukaribisha hata kuketi, ungeondoka naye saa hii hii. Macho ya kichanga yanaweza kuharibika kwa siku chache tu.

MJUKUU: Baba yake naye ana jicho jekundu, tangu juzi walipokuwa wakipiga mpunga.

BIBI: Linauma?

MJUKUU: Sana. Hataki mwanga, anaona ukungu. Kanunua matone dukani.

BIBI: Huyo ndiye ananitia hofu. Suke au pumba limemkwaruza kioo cha jicho, na mkwaruzo wa mmea huingiza hata fangasi. Kidonda hicho huacha kovu jeupe. Matone ayaache, maana yakiwa na steroidi, wekundu utapungua huku kidonda kikizidi kula ndani. Aende hospitali ya wilaya Kilosa leo.

MJUKUU: Mpunga bado uko shambani, bibi.

BIBI: Ndugu zake watauangalia. Mwambie nimemtuma mimi, na asilifikiche njiani. Mwitie bodaboda sasa hivi.