BABA, USIWE MGENI NYUMBANI KWAKO



Siku ya arusi kanisani, kabla bwana na bibi arusi hawajatoa ahadi zao, padre huwauliza kama wako tayari kuwapokea watoto kwa upendo na kuwalea katika imani. Swali hilo haulizwi bibi arusi peke yake. Huulizwa wote wawili, na wote wawili huitikia. Hata sheria ya nchi yetu inakubaliana na hayo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kinasema kwamba jukumu la kumtunza ni la mama na baba kwa usawa.

Lakini tukifika nyumbani, mara nyingi mambo hubadilika. Baba akimshika mtoto kwa nusu saa husema, "Leo nimemsaidia mama." Hebu tulichunguze neno hilo. Mtu humsaidia jirani kuvuna mahindi kwa sababu shamba si lake. Je, mtoto huyu ni wa nani? Baba anayemlea mtoto wake anafanya kazi yake mwenyewe. Wazee walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Somo letu la leo linamhusu baba mwenye mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Huyu ni mtoto aliyekwisha kuacha kusimama dede. Sasa anatembea, anaanguka, anapanda kila kiti, na akikatazwa analia. Tutaangalia siku ya baba huyu. Tutaangalia pia mambo anayoyapenda, kama mpira, bustani au kwaya, kwa maana hapo ndipo ugomvi wa nyumbani huanzia mara nyingi.

1. Mtoto humjuaje baba yake?

Mtoto wa umri huu hajui mshahara. Hajui ni nani aliyelipa kodi ya nyumba wala aliyenunua unga. Yeye humjua mtu kwa mambo yanayorudiwa kila siku: nani huninawisha, nani hunilisha, nani huitika nikiita, nani huja nikianguka. Ndiyo sababu baba mwingine akitaka kumbeba mtoto wake, mtoto hulia na kumkimbilia mama. Baba hukasirika, akadhani kwamba mama amemfundisha mtoto kumkataa. Mama hana hatia. Watoto wa umri huu humng'ang'ania yule wanayekaa naye zaidi, wala hiyo si dharau.

Baba, usijaribu kuponya jambo hili kwa peremende, wala kwa kumnyang'anya mama mtoto kwa nguvu. Dawa yake ni dakika chache za kila siku, bila kukosa. Haba na haba hujaza kibaba.

2. Kazi za kila siku

Hatusemi kwamba baba afanye kila kitu. Chagua kazi mbili au tatu ziwe zako, nawe uzifanye bila kungoja kuambiwa. Hizi hapa ni mfano:

Asubuhi, kabla ya kwenda kutafuta matatu, mnyweshe mtoto uji. Mwache ashike kijiko mwenyewe hata kama uji utamwagika. Ndivyo anavyojifunza kula.

Jioni, mwogeshe. Tia maji baridi kwanza, kisha maji ya moto, na upime kwa mkono wako. Unapomwogesha taja majina: mkono, goti, sikio. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia watu wanaozungumza naye. Lakini usimwache peke yake hata kwa dakika moja, kwa maana mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji machache ya ndoo au karai.

Usiku, mlaze. Mwambie hadithi fupi, msali pamoja, umfunike. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja au miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Sasa fanya hesabu. Mtoto akilala mchana kwa saa mbili, na kama huamka saa kumi na mbili asubuhi, basi ni lazima awe amelala kufikia saa tatu usiku. Baba anayerudi saa nne kila siku atamkuta mtoto wake amelala mwaka mzima.

Iko siku mtoto atajitupa chini na kupiga kelele kwa sababu umemnyima kisu. Usimpige. Hasira yake ni kubwa, na maneno ya kuieleza bado hana. Mwondoe penye hatari, kaa karibu naye, ngoja atulie, kisha mweleze kwa maneno machache. Nanyi wazazi muwe na neno moja. Alichokataza baba, mama asikitoe. Alichokataza mama, baba asikitoe.

3. Burudani ya baba

Baba ana haki ya kupumzika. Mtu asiyepumzika huwa mkali, na ukali wake huwaangukia watu wa nyumbani. Hatusemi basi kwamba baba aache mpira au kwaya yake. Tunasema mambo mawili: burudani ipimwe, na burudani ishirikishwe.

Kwanza, kuipima. Tuseme Jumamosi baba huenda kutazama mechi mbili za Ligi Kuu ya Uingereza. Mechi moja ni dakika 90, na pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza inakaribia saa mbili. Mechi mbili ni saa nne. Ongeza kwenda, kurudi, na mazungumzo ya baadaye, unapata kama saa sita. Sasa muulize mama wa watoto: saa zake sita ziko wapi? Kukaa na mtoto siku nzima huonekana kazi rahisi kwa asiyeifanya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa hiyo semezaneni mapema, Ijumaa jioni, kabla baba hajavaa viatu. Baba achague mechi moja. Kisha mama naye apewe saa zake za kwenda kwenye chama cha akina mama, kumtembelea dada yake, au kulala tu. Katika saa hizo baba ndiye atakayekaa na mtoto, asimwachie jirani.

Pili, kuishirikisha. Baba anayependa bustani ampe mtoto kopo dogo la kunyweshea sukuma wiki. Nusu ya maji itamwagika njiani, lakini mtoto atakuwa na kazi pamoja na baba yake. Baba anayependa kutengeneza baiskeli ampe kitambaa afute taili. Nati na skrubu ziwekwe mbali, kwa sababu mtoto huzitia kinywani. Mwanakwaya afanye mazoezi ya wimbo nyumbani huku mtoto akipiga makofi. Mpenda mpira ashone mpira wa matambara, wacheze uani. Shirika hilohilo la afya linasema kwamba mtoto wa mwaka mmoja au miwili anahitaji angalau dakika 180 za kucheza na kutembeatembea kila siku. Nusu saa ya baba ni sehemu ya hesabu hiyo. Kazi yako itachukua muda mrefu zaidi ukiwa na msaidizi huyu. Uwe tayari kwa hilo.

Lakini kumpa mtoto simu atazame picha ili baba atazame mechi si kumshirikisha. Shirika hilo linashauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya televisheni wala simu, na wa miaka miwili asizidi saa moja kwa siku. Na mahali pa pombe si mahali pa mtoto, hata kama baba anakunywa soda.

4. Mama, mpe baba nafasi

Akina mama wengine humwita baba amvishe mtoto, kisha humcheka kwa sababu nepi imekaa upande. Baba huyo kesho hatarudi. Ikiwa hakuna hatari, mwache afanye kwa namna yake. Usimsahihishe mbele ya wakwe wala mbele ya wageni. Na majirani wakimcheka mwanamume aliyembeba mtoto, wewe uwe wa kwanza kumsifu.

5. Baba anayefanya kazi mbali

Wako baba wengi wanaofanya kazi Nairobi au Mombasa, na jamaa zao wako mashambani. Baba wa namna hii apige simu kila jioni kwa saa ileile, kabla mtoto hajalala, aseme naye hata dakika tatu. Mama amwonyeshe mtoto picha ya baba na kumtaja katika sala. Siku ya kufika nyumbani, baba asitangulie sokoni kuwaona marafiki. Akae chini sakafuni, angoje mtoto aje mwenyewe, hata kama atakuja kesho yake.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa baba aliyeajiriwa likizo ya majuma mawili yenye malipo mtoto anapozaliwa. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za likizo kila mwaka. Tenga baadhi ya siku hizo ukae na mtoto huyu. Miaka miwili mitatu hii ikipita, atakwenda shule, naye atakuwa ameshajua ni nani wa kukimbilia anapoogopa.

Injili haziandiki hata neno moja lililotoka kinywani mwa Mtakatifu Yosefu. Zinatuonyesha matendo yake: mtu aliyeamka usiku na kufunga safari ya Misri ili Mtoto na Mama yake wawe salama. Baba ambaye hana maneno mengi asikate tamaa. Matendo yake ya kila siku mtoto huyaelewa.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani, mtoto akiisha kulala:

1. Juma lililopita, baba alikaa na mtoto kwa saa ngapi, mama akiwa hayupo?
2. Ni kazi gani mbili za mtoto ambazo baba atazichukua kuanzia kesho?
3. Kila mmoja wetu ana saa ngapi za kupumzika kwa juma? Je, zinalingana?
4. Ni burudani ipi ya baba ambayo mtoto anaweza kuingizwa, na ipi haimfai?

Andikeni mliyokubaliana kwenye karatasi, muibandike ukutani, kisha muitazame tena baada ya mwezi mmoja.