Ree mbili mkononi, hatari mezani

SWALI: Nacheza poka ya Omaha, ile ambayo dau halizidi pesa zilizo mezani. Nikipata ree mbili napandisha mapema, lakini flopu, zile karata tatu za kwanza mezani, ikishafunuliwa naliwa kila mara. Nakosea wapi?

JIBU: Unazipenda mno hizo ree. Kwenye Omaha kila mtu ana karata nne na lazima atumie mbili kati ya hizo, kwa hiyo jozi tupu, hata iwe kubwa namna gani, hufika salama mwishoni kwa nadra. Tuseme mezani kuna 9 ya kopa, 8 ya pau na 2 ya uru. Mwenzako ana jeki, 10, 7 na 6. Kwa sasa hana hata jozi, ila karata 20 zinamkamilishia mfuatano, na mbili bado hazijafunuliwa. Wa kuogopa hapo ni wewe.

Halafu tazama hela. Fungu la 100, dau kamili likijibiwa, linakuwa 300, kisha 900, kisha 2,700. Umeshatoa 1,300 kwa jozi moja!

Fungu likiwa bado 100 nawe umebakiwa na 100 tu, weka zote: ukishinda mara moja kati ya tatu, hujapata hasara. Ukiwa na 1,000, pitisha, na mwenzako akipiga dau kamili tupa karata. Wengi huona aibu kutupa ree, mimi sioni. Ree ya tatu ikitua mezani, au ukiwa na kopa mbili mkononi na mbili mezani zinazongoja ya tano, hayo ni mengine: pandisha.