Riziki ya Mwigizaji: Maswali ya Vijana na Wazazi wa Kasese na Bwera

Tangu simu ya mkononi ilipopata kamera, vijana wa Kasese na Bwera waliojaliwa kuigiza na kuchekesha wamezidi kujitokeza, na maswali yao, pamoja na ya wazazi wao, hurejea kwenye jambo moja: je, kazi hii yaweza kumlisha mtu na kusomesha watoto wake? Nimeyachagua machache na kuyajibu kwa mifano ya watu wanaojulikana, maana ni vyema kuitazama njia iliyokwisha kupitwa na wengine kabla ya kumshauri mtu aifuate.

Swali: Yuko mwigizaji wa Uganda anayeishi kwa kuigiza tu?

Jibu: Wapo, lakini ni wachache, na hata hao, ukiwachunguza, utaona kwamba kuigiza kwao kumegawanyika katika kazi nyingi zinazotegemeana. Mtazame Abby Mukiibi, ambaye watazamaji wa ng'ambo walimjua kwa filamu *The Last King of Scotland* ya mwaka 2006: nyumbani yeye ni mtu wa jukwaa, wa kikundi cha Afri-Talent, na ni mtu wa redio vilevile. Stephen Rwangyezi, aliyeigiza katika filamu hiyo hiyo, alikuwa amekwisha kuanzisha kikundi cha ngoma cha Ndere tangu mwaka 1984, na ni kikundi hicho, wala si filamu, kilichomjengea jina na kuwapa vijana wengi ajira. Michael Wawuyo naye huigiza, na pia ni fundi wa kutengeneza majeraha na makovu ya kamera, hivyo hata hadithi isipokuwa na nafasi ya mtu wa umri wake, bado anaweza kuitwa kazini. Hili napenda kijana alitafakari sana, kwa kuwa huku kwetu filamu moja hupigwa kwa majuma machache, kisha miezi ikapita kimya. Na yule ajuaye kazi ya pili iliyo ndani ya sanaa ile ile, iwe ni kushona mavazi, kunasa sauti, kuandika mchezo au kuhariri picha, huupitisha ukimya huo akiwa bado yumo katika fani, anaonana na watu wale wale, na jina lake halisahauliki.

Wachekeshaji nao hawakutoka mlango mmoja. Patrick Salvado Idringi alikuwa mhandisi wa mitambo ya simu kabla ya kusimama jukwaani. Kato Lubwama, baada ya miaka mingi ya kuchekesha, alichaguliwa mwaka 2016 kuwa Mbunge wa Rubaga Kusini, akakaa bungeni hadi 2021. Alifariki mwaka 2023. Isaac Nabwana wa Wakaliga alifyatua matofali kabla filamu yake *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010 haijamtangaza duniani, na waigizaji wake walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba kuziuza diski za filamu wenyewe. Basi anayeuza dukani mchana na kuigiza jioni asidhani kwamba yeye si msanii kamili.

Swali: Filamu ya *Queen of Katwe* ilipigwa kwetu, Katwe ya chumvi?

Jibu: La. Katwe ya filamu hiyo ni mtaa wa Kampala, alikokulia mchezaji wa sataranji Phiona Mutesi. Mwongozaji Mira Nair aliipiga mwaka 2015, Kampala na Johannesburg, ikaonyeshwa mwaka uliofuata. Ziwa letu la chumvi halimo. Ila lipo la kujifunza humo: Madina Nalwanga, binti aliyeigiza nafasi ya Phiona, hakuwa amepata kucheza filamu yoyote. Alipatikana kwenye kikundi cha ngoma, na naamini kwamba mwili uliozoea kurudia hatua moja mara nyingi bila kunung'unika ndio uliomwezesha kusimama mbele ya kamera pamoja na Lupita Nyong'o. Na Lupita mwenyewe, kabla ya kutunukiwa Oscar mwaka 2014, alikuwa amefanya kazi ya usaidizi nyuma ya kamera katika *The Constant Gardener*, akaigiza tamthilia ya *Shuga*, kisha akaenda kusomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale.

Swali: Mimi ni wa Bwera. Kiganda changu ni cha kubahatisha, Kiingereza ni cha darasani. Nihamie Kampala?

Jibu: Usihame kwa pupa, ndugu yangu. Kampala ndiko ziliko televisheni, na tangu chaneli ya Pearl Magic ilipoanza mwaka 2018 tamthilia za nyumbani zimeongezeka. Sikufichi kwamba mwenye kutaka kuonekana humo kila juma hatimaye atalazimika kukaa huko. Lakini mtoto wa Bwera ana mali ambayo wa Kampala hana. Kikonzo chako, ukivuka mpaka wa Mpondwe na kuingia Kasindi, Kongo, ndicho Kinande cha Beni na Butembo, kwa tofauti chache za matamshi. Na Kiswahili, ambacho Kasese ilikizoea kwa machimbo ya shaba ya Kilembe na reli iliyofika mwaka 1956, vilivyokusanya wafanyakazi wa makabila mengi, kinakufikisha Goma, Bujumbura, Dar es Salaam na Mombasa. Mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 28, alitokea katika kikundi cha Kaole huko Dar es Salaam, na filamu zake zilipendwa hata Kongo ya mashariki na watu ambao hawakupata kukanyaga Tanzania.

Siku ya soko la Mpondwe, simama usikilize. Mama wa Kasindi anayeuza vitenge huanza bei kwa Kinande, akaapa kwa Kiswahili, akahesabu kwa Kifaransa. Mnunuzi wa Bwera humjibu kwa Kikonzo huku akizikadiria shilingi kwa Kiingereza. Na katikati yao yuko mchukuzi mwenye mzigo kichwani anayewahimiza wote wawili wamalize, kwa kuwa shingo inauma. Mchekeshaji anayeweza kuwaigiza watu hao watatu peke yake, bila pambo lolote zaidi ya kipande cha kitambaa anachokihamisha kutoka begani hadi kiunoni hadi kichwani, ana mchezo ambao hakuna wa Kampala awezaye kuutwaa kwake. Mchekeshaji Anne Kansiime naye alitoka Mparo, huko Kigezi, akasomea elimu ya jamii Makerere, akapitia vikundi vya jukwaani, akafika NTV na baadaye Citizen ya Kenya, wala hakuificha lafudhi ya kwao.

Kisha iko kazi ambayo vijana huidharau, nami naihesabu kuwa shule bora kuliko zote zilizo karibu nanyi, nayo ni redio na michezo ya kuelimisha umma. Mwezi Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka na wagonjwa wakapokelewa Bwera, elimu ya kujikinga ilibidi iwafikie watu kwa lugha ya nyumbani na kwa sauti wanayoiamini. Kufikisha jambo zito kwa namna hiyo, msikilizaji asiogope hata kukimbia wala asicheke hata kusahau, ni umahiri wa mwigizaji, na wenye miradi ya afya huulipa ujira.

Swali: Kutafsiri filamu kwenye kibanda cha video ni uigizaji?

Jibu: Ni uigizaji mgumu sana. Yule tunayemwita VJ hupunguza sauti ya filamu, akasema yeye kwa niaba ya jambazi, ya polisi na ya bibi arusi, huku akieleza yanayotokea na kuwataja watu wa mtaani kwa majina, pasipo kukatiza, kwa muda wa saa mbili. Hapo ndipo mtu hujifunza pumzi na wakati wa kutoa neno. Lakini filamu ile ni mali ya mwingine, hivyo ichukue kuwa chuo, kisha umaarufu wako uuhamishie kwenye michezo uliyoitunga mwenyewe.

Swali: Na fedha za YouTube?

Jibu: Huja polepole. Ili kugawiwa fedha za matangazo, kwa kawaida utahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Wengi hupata zaidi kwa kualikwa harusini kuwa washereheshaji baada ya watu kuwaona mtandaoni. Tena usiweke kazi yako yote mahali pamoja: Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, waliokuwa huko tu walipotezana na hadhira yao.

Swali: Nimepewa karatasi nitie sahihi, na kamera inasubiri. Nifanyeje?

Jibu: Kamera na isubiri. Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang' wa *Vitimbi*, aliwachekesha Wakenya kwa miongo, na uzeeni ilibidi wananchi wachangishane ili atibiwe macho; alifariki mwaka 2015. Naliandika hili kwa uchungu, kwa kuwa mtu aliyefurahisha nyumba nyingi kiasi kile hakustahili kungoja sadaka. Sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inamtambua mwigizaji kuwa na haki katika uigizaji wake, lakini ukishatia sahihi, karatasi ile ndiyo itakayotazamwa kwanza. Uliza siku ngapi, ujira lini, nauli na chakula juu ya nani, na kama picha yako itatumiwa katika matangazo ya biashara bila kukulipa tena. Kisha ondoka na nakala.

Swali: Binti yangu ana miaka 17, na kikundi anachokitaka hufanya mazoezi usiku. Nimkataze?

Jibu: Mama, usiku mkatalie, sanaa usimkatalie. Kikundi chenye nia njema kitampangia mchana wa Jumamosi, na kisichokubali kimekwisha kukuonyesha kinavyowathamini mabinti. Mtihani aumalize, kwani Kansiime na Salvado wote wawili walikuwa na elimu mkononi kabla ya jukwaa kuwapokea. Akishamaliza, fuatana naye mkayatazame mazoezi tangu mwanzo hadi mwisho, halafu mwulize kiongozi, mbele ya wote, fedha za mchezo uliopita ziligawanywa vipi.