Somo la Fizikia: Kuchagua Gari la Kushukia Bondeni

Muhula uliopita kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza, "Mwalimu, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lina faida gani, ikiwa Noah nazo zafika Muze?" Nilimjibu kwa haraka, na jibu langu halikuwa zuri. Wakati ule mimi mwenyewe nilikuwa na fedha ya mpunga wa nyumbani mkononi, nikitafuta gari kuukuu la kununua, na swali lake ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Basi naona yafaa nilijibu tena hapa, polepole, kwa hesabu.

Kwanza nieleze safari yenyewe. Mama yetu anakaa kwa dada yangu katika Bonde la Rukwa, chini ya ukingo wa Ufipa, upande wa Muze. Kila mwezi hana budi kuja hospitali Sumbawanga kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Sumbawanga iko kadiri ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa kadiri ya mita 800. Kwa hiyo atokaye huku kwenda kule hushuka karibu mita 1,000, na sehemu kubwa ya kushuka huko iko mahali pamoja, pale ukingoni, katika kona. Mvua zetu huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hata Aprili. Wakati wa kiangazi njia ni vumbi na mawe. Wakati wa masika udongo mweusi wa bondeni hushika tairi kama ugali ushikavyo mwiko.

Sasa tutazame kupanda. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili hutumia uzito ule tu uliokaa juu ya magurudumu hayo. Tuseme ni nusu ya uzito wote. Katika njia kavu, kipimo cha msuguano baina ya tairi na ardhi tukiweke 0.6. Nusu yake ni 0.3, yaani kwa kila kilo 100 za uzito wake gari laweza kujisukuma kwa nguvu ya kilo 30. Mlima unaopanda mita 12 kwa kila mita 100 wadai kilo 12 tu. Ndiyo maana Noah hufika.

Mvua ikinyesha, tushushe kipimo hadi 0.3. Magurudumu mawili sasa hutoa kilo 15. Mlima wadai 12 zilezile, na tope nalo lashika magurudumu na kudai, tuseme, kilo 6. Zadaiwa 18, zipo 15, na gari hukwama. Magurudumu yote manne yakivuta, hupatikana 30, na gari hupita. Hesabu hizi ni za ubaoni, na tope la kweli halikai katika kipimo kimoja kwa hatua kumi. Lakini zatosha kuonyesha kwamba swali la kijana yule lina majibu mawili, moja la Agosti na jingine la Februari.

Wengi huishia hapo, na mimi nilitaka kuishia hapo. Lakini gari lipandalo lilishuka kwanza, na katika kushuka magurudumu manne yavutayo hayasaidii breki kwa lolote, maana kila gari hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Hapa ndipo nawaomba vijana mchukue kalamu.

Gari pamoja na abiria na mizigo lina kilogramu 1,500. Likishuka mita 1,000, nishati inayotoka ni 1,500 mara 10 mara 1,000, yaani jouli milioni 15. Nishati haipotei, hubadilika tu. Dereva akishuka mguu wake ukiwa juu ya breki tangu juu hata chini, nishati hiyo huwa joto katika vyuma vya breki. Tuseme vyuma hivyo kwa magurudumu yote vina kilogramu 30. Kilogramu moja ya chuma huhitaji kadiri ya jouli 460 ili ipande nyuzi moja ya Sentigredi. Kilogramu 30 huhitaji 13,800. Gawanya milioni 15 kwa 13,800. Jibu ni kama nyuzi 1,087. Hilo ni joto linalokaribia lile la tanuri ndefu za udongo ambazo Wafipa wa zamani walizitumia kuyeyushia mawe ya chuma.

Hapana shaka breki hazifiki huko, kwa kuwa upepo huzipoza njiani na msuguano wa tairi huchukua sehemu yake. Lakini si lazima zifike. Mafuta ya breki yaliyozeeka na kunyonya maji yaweza kuchemka kabla ya nyuzi 200. Yakichemka hufanya mvuke ndani ya mabomba, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga, na pedeli huenda mpaka sakafuni bila kushika kitu. Dawa yake ni gia nzito. Gari likiwa katika gia ya kwanza au ya pili, magurudumu huilazimisha injini izunguke kwa shida, na injini hula nishati ile na kuitoa kwa rejeta na bomba la moshi. Magari mengine yana fimbo ya pili, ndogo, inayozidisha uzito wa gia zote karibu mara mbili. Kwa ukingo wa Rukwa fimbo ile naiona ina thamani kuliko urembo wote wa gari.

Basi nikaenda kutazama magari. Land Rover, iliyotolewa Uingereza mwaka 1948 na kujulikana sana kwetu kwa kazi za serikali na misheni, niliiacha kwa sababu ya bei yake na ulafi wake wa mafuta. Yakabaki mawili yaliyokwisha kutumika Japani, nchi ambayo huendesha upande wa kushoto kama sisi. La kwanza lilikuwa Toyota RAV4, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1994. La pili Suzuki Escudo, aina iliyoanza mwaka 1988. RAV4 ilikuwa safi, viti vyake vizuri, bei shilingi milioni 13 na nusu. Lakini haina fimbo ndogo. Tena ziko RAV4 zinazovuta kwa magurudumu ya mbele tu, na kwa nje huwezi kuzitofautisha na nyingine. Sharti uiname nyuma utazame kama pana difu. Hii nayo haikuwa nayo. Escudo ilikuwa ya zile za mwishoni mwa miaka ya 1990, yenye chesisi ya chuma chini yake na fimbo ndogo, bei milioni 12. Rangi yake ilikuwa imefifia.

Fimbo niliisogeza, ikaingia vizuri, na taa ikawaka. Nikaridhika nusu. Kisha nikatandika gunia chini, nikaingia mvunguni na tochi. Chesisi ilikuwa nzima, bila kutu ya kula wala alama za kuchomelea. Mafuta ya difu ya nyuma nilipoyaonja kwa kidole yalikuwa meusi, si meupe kama maziwa. Meupe yangeonyesha kwamba maji yameingia wakati wa kuvuka vijito. Lakini nilipofuata kwa macho kutoka giaboksi kwenda mbele, sikuona kitu. Mhimili ule ambao mafundi huuita propela, upelekao nguvu kwenye difu ya mbele, haukuwapo. Fimbo ilikuwa ikisogea, taa ikiwaka, na magurudumu ya mbele hayakuwa na habari.

Muuzaji hakukana. "Mwalimu," alisema, "waliiondoa ili kupunguza mafuta. Mjini hapa huihitaji." Kwa mjini alisema kweli.

Nilirudi nyumbani nikafanya hesabu ya fedha. Kukodi gari kwenda na kurudi ni shilingi 150,000. Kwa safari 12 ni 1,800,000 kwa mwaka. Kuwa na gari letu: petroli 540,000, matengenezo na oili 600,000, tairi na bima 450,000, na thamani inayopungua milioni 1 kila mwaka, jumla 2,590,000. Kukodi ni nafuu kwa shilingi 790,000. Nikampigia dada simu nikamsomea yote, nikamwambia tusinunue.

Alinisikiliza hata mwisho. Kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, umeandika safari 12. Mwaka jana Mama alikwenda mara ngapi?"

Mara tisa. Januari, Februari na Machi hapakuwa na dereva aliyekubali kushuka, hata kwa bei mara mbili. Mwisho wa Machi Mama aliletwa juu kwa pikipiki, mvua ikinyesha, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa mjukuu wake ili asianguke, maana alikuwa hajitambui. Alilazwa siku sita. Mimi nilikuwa kando ya kitanda kile siku zote sita, na bado niliandika 12.

Nikarudi kwa muuzaji na masharti. Propela ya mbele ifungwe kwanza, na fundi wangu awepo. Mafuta ya breki yamwagwe yote yatiwe mapya. Kisha tulipandishe gari katika tope, mimi nikiwa nje nikitazama magurudumu ya mbele. Yasipovuta, fedha zibaki mfukoni. Propela iliyotumika ilipatikana Mbeya baada ya siku 11. Siku ya majaribio magurudumu ya mbele yalirusha tope hata juu ya shati langu. Tukalipa milioni 11 na laki 4.

Kanuni moja fundi alinipa, nami nawapa: gari la namna hii usiliendeshe magurudumu manne juu ya lami kavu. Katika kona magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma, na pasipo kuteleza vyuma hujikaza mpaka kitu kivunjike.

Tulishuka mara ya kwanza mwezi wa Desemba, fimbo ndogo ikiwa ndani, gia ya pili, breki kwa kugusagusa tu katika kona. Ilituchukua muda mrefu, na pikipiki mbili zilitupita zikicheka. Chini kabisa nilisimama, nikateremka, nikaweka kiganja juu ya rimu ya mbele. Ilikuwa na joto la kikombe cha chai ambacho mtu aweza kukishika. Nikazunguka nikashika na zile nyingine tatu, dada akiniita kwa mbali niache kuchezea gari nije nimsaidie Mama kupanda.