Dondoo muhimu: Likasi kwa baiskeli, mama na baba peke yao

Watoto wabaki kwa nyanya yao tangu Ijumaa jioni, ili Jumamosi mtoke alfajiri. Chagua Mei hadi Agosti: mvua hakuna, lakini mji uko mita 1,300 hivi juu ya bahari na asubuhi za Juni zina baridi kali. Beba sweta.

Siku ya kwanza zungukeni mjini. Barabara zenye miti na majumba ya zamani ni za enzi ya Wabelgiji, mji ulipoitwa Jadotville. Hapa ndipo askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walipozingirwa Septemba 1961. Kisha shukeni Panda na Shituru mkaone viwanda vya shaba, kwa macho tu. Kupiga picha mitambo, reli au madaraja kunaweza kuwaletea maswali marefu, kwa hiyo simu ikae mfukoni na vitambulisho viwe karibu.

Shinkolobwe msiende. Urani ya bomu la Hiroshima ilitoka huko kwa sehemu kubwa, na mgodi umefungwa rasmi tangu 2004.

Barabara ya Lubumbashi ina malori ya madini mfululizo. Mimi singepita huko kwa baiskeli hata kwa kulipwa. Mkitaka kuona mto Lufira na ziwa la Mwadingusha, pakieni baiskeli kwenye gari.

Pampu, viraka na gundi ni lazima. Mchana, bukari na samaki. Na anayechoka upesi ndiye atangulie.